Matroni Anayenusa Pasi

Saa kumi na moja alfajiri, matroni wa bweni la wasichana ananusa pasi.

Anaichukua ya kwanza, anaigeuza, anausogeza uso wa chuma karibu na pua na kuvuta pumzi. Anaiweka mezani. Anaichukua ya pili. Hii anainusa mara mbili, kisha anaikwangua kwa ukucha.

"Kitunguu," anasema. "Bado ina kitunguu! Nimeisugua kwa limau, nimeisugua kwa chumvi. Hawa watoto watanitoa roho."

Nje ya mlango foleni imeshajipanga kwenye korido. Ni wanafunzi wa chuo cha uuguzi, taulo mabegani, sare nyeupe zimekunjwa mikononi. Mmoja ameegemea ukuta, amefumba macho.

"Shikamoo Mama. Tufungulie basi, zamu inaanza saa moja."

"Marahaba. Zamu inaanza saa moja tangu mama zenu hawajazaliwa. Jana hamkujua?"

"Jana ulifunga."

"Nilifunga kwa sababu nimeambiwa nifunge! Ingieni wanne wanne. Na atakayepima moto wa pasi kwa mate, huyo namtoa."

Wanaingia. Chumba ni kidogo, kina meza mbili zilizotandikwa mablanketi ya zamani na dirisha moja lisilofunguka vizuri. Ndani ya dakika chache mvuke umejaa, na matroni amesimama katikati akifuta jasho kwa ncha ya kitambaa cha kichwa.

Wanamwita Mama Pasi. Jina hilo hakulichagua na hajalizoea. Kazi aliyoajiriwa kufanya ni kulea wasichana bwenini: kuhesabu vitanda, kufunga geti, kumpeleka mgonjwa zahanati, kusuluhisha waliogombana kwa ajili ya ndoo. Kusimamia pasi kuliongezwa wiki tatu zilizopita, na anayeulizwa sababu anacheka kwanza kabla ya kujibu. Mama Pasi hacheki.

Sababu ni yai.

Kanuni za nidhamu za chuo zimebandikwa ukutani kila ghorofa. Moja inasema ni marufuku kupika chumbani, na inataja jiko, hita na birika la umeme. Nyingine inasema mwanafunzi haingii wodini na sare yenye mikunjo, na anayeingia nayo anarudishwa. Bwalo la chakula, kwa upande wake, linafungwa saa kumi na mbili jioni. Wanafunzi wa zamu ya mchana wanatoka wodini saa moja na nusu.

"Basi fikiria mwenyewe," Mama Pasi anamwambia mgeni aliyekuja kusikia kisa hiki, akimnyang'anya msichana mmoja pasi na kumwonyesha jinsi ya kunyoosha kola. "Kanuni moja inakwambia usipike. Nyingine inakwambia unyooke. Hakuna inayokwambia ule saa ngapi. Sasa mtoto ametoka kubadilisha mashuka ya wagonjwa tangu mchana, anakuta bwalo viti viko juu ya meza. Chumbani ana pasi. Wewe ungefanya nini?"

Walichofanya ni hiki. Waliigeuza pasi, wakaibana katikati ya vitabu viwili vinene vya masomo, uso wa chuma ukiangalia juu. Juu yake wakaweka kifuniko cha kopo la maziwa, tone la mafuta, kitunguu kidogo, na yai. Asubuhi pasi ilirudi kazini. Wa kwanza kushtakiwa na pasi alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyefika wodini na doa la mafuta kifuani, linanukia yai na kitunguu. Mgonjwa alimwuliza chai iko wapi.

Wasichana walio mezani wanaangua kicheko. Mama Pasi anapiga meza.

"Chekeni! Mwaka jana godoro liliungua jengo la pili. Nililivuta mimi, kwa mikono hii, mpaka uani. Siku hiyo hakuna aliyecheka."

Wa mwisho kwenye foleni ni msichana mrefu wa mwaka wa tatu. Wenzake wanamwita Wakili, kwa kuwa hajawahi kushindwa kujibu. Sare yake ameibeba kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Na wewe una uso wa kuja kushika pasi?" Mama Pasi anamwuliza.

"Mama, kikao changu ni leo saa tisa. Niende na mikunjo, wanifukuze kwa makosa mawili?"

Mama Pasi anazinusa tena pasi zilizo mezani. Anampa pasi isiyonuka.

Wakili ndiye aliyekamatwa. Mama Pasi alifuata harufu koridoni, akafungua mlango, akamkuta amepiga magoti mbele ya pasi iliyopinduliwa, kijiko mkononi.

"Nikamwambia, wewe, kupika chumbani ni marufuku. Akanijibu hivi, bila haya: 'Mama, kanuni imekataza jiko, hita na birika la umeme. Hii ni pasi.' Nikamwuliza, na yai je? Akasema yai halijatajwa. Nilitaka kucheka na nilitaka kumzaba kofi, vyote pamoja. Nikaandika taarifa."

Taarifa ilikwenda kwa kamati ya nidhamu. Siku iliyofuata ilitoka amri kwamba pasi zote bwenini zikusanywe, zibaki nne tu, zikae chini ya ufunguo wa matroni. Wakili akaambiwa asubiri kikao. Adhabu iliyoandikwa kwa kosa lake ni kutolewa bwenini.

Kwa mwenye shangazi mtaa wa pili, hilo ni jambo la kuhamisha sanduku tu. Wakili hana ndugu mjini. Amebakiza muhula mmoja, na chuo hakimpangii zamu za wodini mwanafunzi asiye na makazi yanayojulikana. Bila kitanda chake cha juu kando ya dirisha, hana cheti.

"Namlaumu," anasema Mama Pasi foleni ilipokwisha, akichomoa pasi moja moja. "Angeweza kutuchoma wote. Lakini nikimwangalia… Aa, wacha."

Barua ya kumwita kikaoni iko kwenye mfuko wa gauni lake. Inamtaka afike kama shahidi, na aje na vidhibiti vyote, yaani kifaa na chakula kilichokutwa.

"Chakula!" anasema. "Yai la wiki tatu! Wanataka wafanye nalo nini, walilaze kitandani?"

Anapoulizwa yai hilo lilikwenda wapi, anageuka na kuanza kusugua pasi ambayo tayari ni safi.

Mchana simu yake inaita. Ni mumewe, fundi cherehani mwenye kibanda karibu na stendi. Sauti yake inasikika hata kwa aliyekaa mbali.

"Mke wangu, umenyoosha chuo kizima. Shati langu mimi linamsubiri nani?"

"Linakusubiri wewe. Una mikono."

"Mikono yangu inashona."

"Na yangu imechoka," anasema, na kukata simu. Kisha anatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu alfajiri.

Saa tisa kamati inakaa. Meza ndefu, kitambaa cha kijani, feni inayogonga kila ikizunguka. Mwenyekiti ni mwalimu mzee asiye na haraka na neno. Kulia kwake yupo mpishi mkuu wa bwalo, kushoto walimu wawili. Wakili amekaa peke yake upande wa pili, sare yake imenyooka hata inaonekana ngumu.

"Matroni, ulimkuta mwanafunzi huyu anapika?"

"Ndiyo."

"Kwa kifaa hiki?"

"Hicho hicho. Nuseni."

Hakuna anayenusa.

"Na chakula kiko wapi?"

Mama Pasi anaangalia feni. "Hakipo."

"Ulikitupa?"

"Hapana."

"Kilioza?"

"Mzee, nilikila."

Feni inagonga. Mwenyekiti anavua miwani.

"Ulikula kidhibiti?"

"Na mkate wake."

Mpishi mkuu anacheka, halafu anajifanya anakohoa. Wakili ameziba mdomo kwa viganja viwili. Mama Pasi anasimama, ingawa hakuna aliyemwambia asimame, na maneno yanamtoka kwa hasira kana kwamba wote pale walikuwa wanafunzi waliochelewa geti.

"Siku ile mwenzangu aliumwa, nikashika zamu yake na yangu. Nilipofika bwalo, huyu mpishi alikuwa ameshageuza viti. Nikarudi bwenini na tumbo linaunguruma. Nikanusa yai. Nikamnyang'anya mtoto, nikamwandikia taarifa, nikajifungia chumbani kwangu, nikala. Chumvi ilikuwa kasoro, lakini nilimaliza. Kumshtaki sijutii. Pasi si jiko, na ninyi hamkuliona lile godoro. Lakini njaa niliyomshtakia, hata mimi nilikuwa nayo. Mkimtoa yeye bwenini kwa ajili ya yai lile, mnitoe na mimi, maana yeye hata hakulionja."

Mwenyekiti anamgeukia Wakili. "Ni kweli? Hukula?"

"Sikula, mwalimu. Nililala hivyo hivyo. Na kama kosa ni kula, basi kwa kanuni zilivyoandikwa…"

"Nyamaza wewe!" Mama Pasi anafoka. "Unaokolewa, unabishana!"

Hapo hata mwenyekiti anashindwa kujizuia.

Wanatolewa nje. Wanakaa kwenye benchi moja, huyu ncha hii na yule ncha ile. Wakili anakunja ukosi wake na kuunyoosha, anaukunja na kuunyoosha, mpaka Mama Pasi anampiga kofi dogo mkononi. "Utaweka mikunjo."

Wanaitwa. Uamuzi unasomwa polepole, kama kila kitu kwa mwenyekiti yule. Mwanafunzi amepewa onyo la maandishi. Atafagia chumba cha pasi hadi mwisho wa muhula. Atabaki bwenini.

Wakili anainama, paji la uso linagusa meza. Anabaki hivyo.

Lakini mwenyekiti hajamaliza. Kuanzia leo bwalo litaweka akiba ya chakula kwa wanaotoka zamu ya mchana. Kwa kuwa jioni bwalo halina mtu, sufuria itahifadhiwa, na chakula kugawiwa, na matroni.

"Yaani mimi?" anauliza Mama Pasi.

"Matroni ni wewe."

Njiani kurudi bwenini anazungumza peke yake. Mshahara ni wa mtu mmoja, kazi ni za watatu. Alfajiri pasi, jioni sufuria, katikati ndoo na funguo. Mkataba wake unakwisha mwakani na hataki kuuongeza. Mumewe ametafuta kibanda kikubwa zaidi. Yeye atakaa mbele auze vifungo na zipu, vitu visivyo na moto wala harufu.

"Siku ya kwanza," anasema, "nitalala mpaka jua liniamshe. Nitavaa gauni lililokunjamana, nitembee nalo mtaani, na asitokee mtu wa kuniambia shikamoo tufungulie."

Saa moja na nusu zamu inatoka. Korido ile ile, foleni ile ile, safari hii na sahani. Mama Pasi anapakua wali na maharage, akigomba kwa kila kijiko: huyu asukume mwenzake aone, yule alete sahani safi, mwingine ajue nyama si haki ya binadamu. Wakili anakuja mwisho, naye ametoka wodini, ufagio tayari kwapani. Anapata sahani iliyojaa. Baada yake kijiko kinagonga chuma kitupu.

Mama Pasi anachungulia ndani ya sufuria. Amejisahau. Hakujiwekea.

"Ona sasa," anasema. "Ona!"

Wakili anaegemeza ufagio ukutani. Anaweka sahani yake kwenye meza ya kupigia pasi, juu ya blanketi, na kuvuta viti viwili.

"Tule, Mama. Safari hii nionje na mimi."

Mama Pasi anaivuta sahani kidogo upande wake.

"Nawa mikono kwanza. Unanuka wodi."