Afisa wa Benki Aliyepima Dirisha

Shangazi yangu ni mshona mapazia, na ukimsalimia kwa upole uliozidi, yeye hukumbatia mkoba wake. Alipotaka kuhamia kwa bintiye, aliiandikia benki barua. Nyumba yake bado ina mkopo, kwa hiyo bila kibali chao haruhusiwi kuipangisha.

Baada ya mwezi mzima akaja afisa wao, mtanashati, mwenye tabasamu. Akakagua choo, akafungua bomba, akauliza kama majirani wana kelele.

Shangazi akaninong'oneza, "Huyu ana lake."

"Shangazi nawe! Si ndiyo kazi yake?"

Kisha afisa akatoa utepe, akapima dirisha la chumbani, upana na urefu.

Shangazi akavua miwani. "Baba, nimeshona mapazia miaka thelathini. Anayepima dirisha ni anayetaka kuhamia. Kibali changu kiko mfukoni mwako tangu lini?"

Afisa akakunja utepe wake. "Wiki mbili, mama. Nilitaka niione nyumba kabla hujampa mtu mwingine."

"Kilete hapa." Akakisoma mpaka muhuri. "Haya, sasa na wewe niandikie barua ya kuomba kupanga. Na kabla sijakujibu, nitakuja kukagua choo cha huko unakoishi."