Kitambi Changu na Katibu wa Tawi

Mpaka leo mtu akiniambia, "Mzee, fanya mazoezi, tumbo hilo," damu inanipanda kichwani. Si kwamba ananitukana. Nimetukanwa na watu wenye vipaji kuliko yeye. Ni kwamba ananirudisha Tabora ya miaka ile baada ya Azimio, nilipokuwa fundi cherehani mwenye tumbo lililokuwa likifika stesheni robo saa kabla yangu.

Tumbo lile sikulipata kwa kumnyonya mtu. Nililirithi. Baba alikuwa nalo, na babu alikuwa nalo, babu huyohuyo aliyebeba pembe za ndovu za wenyewe begani hadi pwani kwa miguu na kurudi na tumbo lake vilevile, halijapungua hata upana wa kidole. Tena kwetu mwanamume akinenepa, anayepewa hongera ni mkewe. Mama mkwe wangu, wa kijijini Lusu, alikuwa akifika kwetu, analitazama tumbo kwanza kwa mbali, kwa heshima ya ukwe, akiridhika ndipo anauliza habari za watoto.

Mambo yaliharibikia darasani. Nilikuwa nasoma masomo ya jioni pamoja na watu wazima wenzangu, ndevu tupu, magoti hayaingii chini ya madawati. Siku moja mwalimu akatundika picha: jitu nene lenye kofia na sigara, limekalia mgongo wa mkulima.

"Huyu ni nani?" akauliza.

Darasa zima likageuka, likanitazama mimi.

"Si fundi huyo!" akasema muuza mkaa mmoja, na watu wakacheka hadi bati la paa likajibu. Nilicheka kuliko wote. Sikujua bado kwamba wengine hawakuwa wanatania.

Wakati huo mafundi tulikuwa tunaunda ushirika wa ushonaji, na wenzangu walitaka niwe mwenyekiti. Na mimi nilikitaka kiti kile, sifichi. Tangu ujana nilishona kwenye baraza ya duka la Mhindi, kwa cherehani isiyo yangu, nikiinuka kila mwenye duka anapotaka kupita. Kuongoza cherehani zilizo zetu, hilo niliota hata mchana. Basi katibu wa tawi la chama akaniita pembeni.

"Ndugu, kazi yako hatuna shaka nayo. Lakini ushirika wa wanyonge utaongozwaje na kitambi? Watu watasema nini?"

"Watasema nashona vizuri."

"Watasema kupe, mnyonya jasho la wenzake. Lipunguze, Ndugu. Uchaguzi ni baada ya mavuno."

Wiki ileile mgambo akapita mitaani na ngoma: kesho alfajiri, wenye vitambi wote uwanjani! Sasa, Tabora ni mji wa zamani, na kwa wazee wake kitambi ni kile kitambaa kirefu cha kilemba, kilichokuja na misafara. Kulipokucha, uwanja ulijaa wazee na ajuza wenye vitambaa vilivyokunjwa kwapani, wakidhani serikali inaandikisha nguo. Mwenye kitambi cha tumboni nilikuwa peke yangu.

"Nimeleta cha marehemu baba," mzee mmoja alimwambia katibu. "Mnakipima au mnakichukua?"

"Mzee wangu, shikamoo. Sisi tunazungumzia tumbo."

"Marahaba. Tumbo? Langu halijaona kitu tangu jana, nalo mnalitaka?"

Wazee wakarudi makwao wakinung'unika, mimi nikabaki kukimbia mchakamchaka na vijana wa mgambo. Walinitungia wimbo. Mmoja anaita, "Kupe yuko wapi?" Wengine wanaitikia, "Yuko nyuma anahema!" Nikawa nakimbia nao kila alfajiri hadi Kwihara na kurudi, kwa njia ileile ya babu, nikitoa jasho ambalo lingelimisha mpunga Igunga nzima bila mvua. Nilikimbia kwa hasira tu. Kila hatua nilikuwa namkanyaga katibu.

Halafu likatokea jambo ambalo sikulitegemea: nikapenda. Kulikuwa na mahali, mteremko mdogo baada ya nyumba za mwisho, ambapo pumzi ilikuwa inafunguka ghafla, miguu ikienda yenyewe, na nasikia ubaridi wa umande kifuani kama nimezaliwa upya. Wimbo wao siusikii tena. Mtu mzima, baba wa watoto, nilikuwa natabasamu peke yangu barabarani.

Nikakonda. Suruali zangu nilizipunguza hadi mifuko ya nyuma ikakutana. Mama mkwe akaja na kibuyu cha samli, akaniona, akakaa chini.

"Mkwe wangu, kama binti yangu hakupikii, sema nimchukue."

"Na sokoni wananisimanga, baba," mke wangu akadakia. "Wanasema nakula peke yangu."

"Vumilieni," nikawaambia. "Mpaka uchaguzi."

Siku ya uchaguzi katibu alisimama mbele ya mafundi wote, akanishika bega.

"Mtazameni ndugu yenu! Jana kupe, leo mjamaa. Ndugu, hebu inua shati waone."

Watu wakapiga makofi. Nikamtazama nikidhani anatania. Alikuwa anangoja, kama mnunuzi wa ng'ombe mnadani.

"Siinui," nikasema.

"Usione haya, Ndugu. Ni mfano kwa wengine."

"Siinui! Mashati uliyovaa wewe na nusu ya watu humu nimeshona mimi. Mkitaka kuniona, tazameni mishono. Tumbo langu la jana halikumwibia mtu, na hili la leo halijamfaa mtu!"

Hakuna aliyepiga makofi. Katibu akasema taratibu kwamba kiburi nacho ni unyonyaji, na mikono ikainuka kwa mwingine, fundi mwembamba tangu kuzaliwa, mtu mwema. Sina neno naye. Mimi nikarudi kwenye baraza ya Mhindi.

Na mazoezi nikayaacha siku ileile, ili wasije wakasema ni wao walionifundisha. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kiti. Kiti walininyima, lakini ule mteremko wa Kwihara ulikuwa wangu, nao wakauchafua kwa sifa zao. Kesho yake alfajiri vijana wa mgambo walipita dirishani wakiimba. Nikajifunika blanketi hadi kichwani, na miguu, mijinga hii, ikawa inakimbia yenyewe chini ya blanketi mpaka mke wangu akanipiga kiwiko.