Mashine Yenye Tundu Moja

Nianze na jambo ambalo watu wa Didia hawalijui mpaka leo. Ile mashine ya sauti tuliyokwenda kuinunua Shinyanga mjini haikuwa ya gitaa langu. Ilikuwa ya kifua cha kaka yangu. Fedha zilikuwa zake, ugonjwa ulikuwa wake, na mwenye kuchagua nikajifanya mimi.

Miaka ile ya hamsini mwanzoni, kaka alikuwa amefanya kazi chini ya ardhi muda mrefu, katika mgodi mdogo wa dhahabu upande wa Geita, akishika mashine ya kutoboa mwamba. Mimi nilikuwa hapo hapo, ila juu, nasukuma vigari vya mawe. Jumapili tulipiga muziki kambini, mimi gitaa, yeye sauti. Na alikuwa na sauti, jamani! Wachimbaji waliotoka Kigoma, waliotoka Songea, hata wasiojua neno la Kisukuma, waliacha pombe yao wakasogea. Halafu akaanza kukohoa. Tukasema ni mafua ya masika. Masika yakapita, kikohozi kikabaki. Mgodi ukampa malipo ya mwisho, na dresa wa zahanati ya kambini akamwambia mbele yangu: "Vumbi la mawe limekwisha kuingia mapafuni, na halitoki. Usibebe mzigo. Na huko kuimba kwa kupayuka uache, la sivyo utatapika damu."

Nilimsikia dresa kwa masikio yangu haya mawili. Naliandika hili nisije nikajidanganya nikizidi kuzeeka.

Tulirudi nyumbani Didia. Kaka akajaribu jembe, matuta mawili tu, akakaa chini mtaroni anahema. Nini kilibaki? Kuimba. Kwetu, pamba ikishauzwa, ndipo mashindano ya ngoma yanaanza, na mtu asiyejua mashindano hayo asidhani ni mchezo. Vikundi viwili vinacheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, mchana kweupe, kila kimoja upande wake. Mwamuzi hakuna. Mwamuzi ni watu: wakikukimbilia umeshinda, wakikukimbia umekwisha. Kwa hiyo kila kikundi kina mganga wake, wa kuvuta watu na wa kuwaangusha wapinzani. Kikundi kinachoshinda hualikwa kijiji hiki na kile, kinachinjiwa, kinatunzwa. Kaka alisema hivi: tukipata mashine ya kukuza sauti, yeye ataimba taratibu kwa pumzi yake kidogo, na mashine ifanye kazi ambayo mapafu hayawezi tena. Lilikuwa wazo la mtu mwenye akili. Mimi nilikubali haraka, maana nilikuwa na wazo langu moyoni: ngoma zilikuwa zinalimeza gitaa langu kila mwaka tulipokuja likizo kushindana, nami nilikuwa nimechoka kumezwa.

Tulilala Ngokolo, pale pale Shinyanga mjini, kwa shangazi, asubuhi tukatembea mpaka madukani. Njiani kaka alipumzika mara tatu. Mhindi mwenye duka aliuza redio, gramafoni na cherehani, na mashine nzuri, mpya, aliyokuwa nayo dirishani tuliigusa tu, tukaiacha. Zilizotufaa ni mbili, zote zimeshatumika, zote za kuwashwa kwa betri ya gari. Ya kwanza ilikuwa sanduku dogo la mbao lenye matundu mawili ya kuchomeka maiki, moja la gitaa na moja la mwimbaji, na kila tundu na kitufe chake cha kupandisha na kushusha. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini ilikuwa safi. Ya pili ilikuwa ya chuma, na spika yenye mdomo mpana wa tarumbeta. Tundu lake lilikuwa moja.

"Bwana," Mhindi aliniambia, "hiki kidogo ndicho cha muziki. Hicho kingine kilikuwa cha kutangazia mnada wa ng'ombe."

Mtu mwenye busara angeishia hapo. Mimi nilikuwa mjinga, tena mjinga mwenye kiburi, na wa namna hiyo hafundishiki. Nikasema nitazipima kwa kipimo cha kwetu. Nikaiweka ile ndogo barazani, maiki tukaining'iniza ndani ya gitaa lenyewe, kwenye tundu la tumbo lake, nikapiga wimbo mmoja. Wakaja watu saba, pamoja na mama mmoja na beseni lake la dagaa. Nikapiga wimbo ule ule kwa ile ya chuma. Loo! Watu walishuka kwenye baiskeli. Mafundi cherehani waliacha nguo kwenye sindano. Askari akaja kuuliza kuna nini. Baraza likajaa, nami nikavimba kichwa.

Kaka alikuwa amekaa kwenye ngazi. "Mdogo wangu," akasema, "chukua hiyo ndogo. Nimesikia kila uzi."

"Watu saba, kaka? Saba! Wale wenye ngoma watatucheka mpaka tukome."

"Ndogo ina tundu langu."

"Tutapokezana maiki," nikamwambia.

Akanitazama. Ningependa kusema kwamba sikuuelewa mtazamo ule, lakini niliuelewa vizuri. Akatoa fedha kwenye kitambaa, akamlipa Mhindi, na Mhindi akatikisa kichwa akapokea. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema wahenga. Na wahenga nao wasinichoshe, maana guu lililovunjika halikuwa langu.

Siku ya mashindano tulibeba betri kwa mkokoteni wa ng'ombe. Mashine ile ilikuwa na laana yake: ukisimama karibu na spika, gitaa lenyewe linaanza kupiga mluzi mkali wa kutoboa masikio. Nilishindilia matambara tundu la gitaa, nikaipeleka spika mbele, mbali nami, ikatulia. Nilikuwa nafunga maiki ndani kaka alipokuja na shati lake jeupe alilopigiwa pasi na mama. Akanyoosha mkono.

"Leo nipe mimi. Gitaa liende hivyo hivyo."

"Gitaa bila mashine litasikika wapi?" nikamjibu. "Wewe una mdomo, kaka. Mimi nina mbao tu."

Mkono wake ulikaa hewani kidogo, kisha akaurudisha.

Wenzetu wa upande wa pili wakaanza, na ngoma zao zikawazoa watu wote. Nikagusa nyuzi. Mashine ikanguruma uwanja mzima, watu wakageuka, wakaanza kuja, kwanza vijana, halafu akina mama. Nikapandisha kitufe. Kaka akafungua mdomo akaimba, nami niliyesimama hatua mbili kutoka kwake sikusikia kitu. Niliona midomo tu. "Mwimbaji hasikiki!" watu wakapiga kelele. "Paza sauti, bwana!" Basi akapaza.

Ningeweza kushusha kile kitufe. Kilikuwa karibu na mkono wangu, ni kukizungusha kidogo tu. Watu walikuwa wanamiminika, wapinzani wamebaki na wake zao na mbwa wao, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata tena. Nikakipandisha mpaka mwisho. Wimbo wa pili, wimbo wa tatu. Mishipa ya shingo ya kaka ilisimama. Sasa alisikika. Alisikika juu ya gitaa, juu ya ngoma, na akina mama wakampigia vigelegele. Katikati ya ubeti akakaa chini polepole, mtu angedhani anataka kuondoa mwiba mguuni. Akainama akakohoa, na shati jeupe likawa jekundu kifuani.

"Wamempiga dawa!" mtu akapiga kelele. "Wameona wameshindwa, wamempiga dawa!"

Uwanja mzima ukaitikia. Mganga wa kikundi kile, mzee mmoja aliyekuwa amekaa pembeni na kibuyu chake, akainuka akaanza kuondoka, na kuondoka kwake ndiko kukamponza. Kesho yake asubuhi vijana wa kwetu walikwenda wakachoma nyumba yake na kumkatia migomba. Walipita kwangu kunichukua. Sikwenda, lakini sikuwazuia pia. Mzee yule alihama na wajukuu wake, kuelekea Buseresere, nilisikia, na huko alikuwa hana ndugu.

Kaka aliishi wiki tatu baada ya hapo. Sauti ilikuwa imekwisha kabisa, ukitaka kumsikia mpaka uweke sikio mdomoni kwake. Watu walikuja kumwona, wakatusifu kwa ushindi wetu, wakatoka nje kuwalaani wale wachawi. Mwaliko wa vijiji ukaja, vijiji vitatu. Mashine niliifunika gunia.

Siku moja mchana mama, mayu kama tunavyomwita, alikuwa amemwegemeza kaka kifuani kwake anamlisha uji. Akaniuliza bila kuinua macho: "Mwanangu, wewe ulikuwa karibu naye. Niambie kweli. Ni dawa ya wale?"

Nilitazama uji. Nikasema, "Ndiyo, mayu. Ni wao."

Kaka akasukuma kijiko kwa ulimi. Alikuwa ananitazama mimi. Akakusanya pumzi, kifua kikapanda na kushuka mara mbili, halafu midomo ikatoa neno moja. Mimi nililisikia, maana nilikuwa nimepiga magoti pale pale mbele ya mdomo wake. Alisema: "Mwongo."

"Anasema nini?" mama akauliza.

"Anaomba maji," nikasema.

Nikaenda mtungini nikamletea. Akanywa.