Siku Niliyoibakiza Besi Peke Yake

Naeleza mambo haya mwenyewe kwa sababu mkiyasikia kwa Baba Brayo pale Kabiro, Kawangware, mtaambiwa nilikuwa nimelewa, na sikuwa nimelewa, nilikuwa na akili zangu zote pamoja na digrii yangu ya kompyuta, jambo ambalo, ukilifikiria vizuri, ni aibu kubwa zaidi. Hadi leo nikipita mbele ya duka lake la makaa ananipigia kelele, "Besi, amkeni!" na wateja wake wanacheka, nami hugeuka kumpungia mkono, nifanye nini?

Ninafanya kazi katika studio ya Odhis, chumba kimoja cha ghorofani pale Ayany, ukivuka barabara uko Kibera. Kwaya zinakuja kurekodi kwetu, za Kibera na hata za huku Kawangware ninakoishi na mama. Chini ya meza kuna seva. (Neno seva lina heshima nyingi, hiyo yetu ni kompyuta kuukuu isiyo na skrini, na Odhis huitumia kuwekea kikombe cha chai.) Kila kinachorekodiwa kinahifadhiwa humo, na walimu wa kwaya huvuta nyimbo zao kutoka humo kwa simu.

Sasa, mimi ni mtu wa maswali. Nimewahi kumuuliza mchungaji kwa nini tangazo fupi linahitaji utangulizi mrefu kuliko mahubiri. Nimemuuliza Mwalimu Shikuku, anayefundisha kwaya ya kanisa letu pale Congo, huku huku Kawangware, kwa nini watu wenye sauti nzuri wanasimama mbele kufungua midomo tu huku rekodi ndiyo inayoimba kwenye spika.

"Mutua, wewe ulisoma ukapitiliza," akanijibu. "Maiki ni mbili, waimbaji ni wengi, na wanacheza. Unataka waimbe wakihema kama watu wanafukuzwa na askari wa kanjo?"

Kwaya hiyo ilikuwa imerekodi wimbo mpya kwetu, "Mvua Imekatika", wa Nuhu akichungulia dirishani baada ya gharika, na uzinduzi ulipangwa Jumapili. Mama yangu, ambaye tangu nikiwa shule ya msingi anaimba mstari wa nyuma, safari hii alikuwa amepewa ubeti wa pili aimbe peke yake. Mama ni mtu wa Kitui, anauza mboga kwenye kona karibu na nyumba, na akikuita ununue sukuma utamsikia hata ukiwa umefunga dirisha, lakini ubeti huo ulikuwa na mahali ambapo sauti inapanda ghafla na hapo ndipo alipokuwa akipotea kila siku ya mazoezi. Nyumbani alikuwa akiuimba huku akikata mboga, akifika pale anapunguza sauti, ananitazama kama nimesikia, halafu anaendelea.

"Kwa rekodi nilipata," akaniambia. "Odhis alinirudisha na kunirudisha mpaka nikapata. Jumapili hata nikiogopa, spika itaimba."

Basi Jumamosi Odhis hakuwepo, alikuwa amekwenda mazishini Siaya, na kabla ya kuondoka aliniambia maneno ambayo nayakumbuka vizuri kuliko ninavyopenda. "Diski inakaribia kujaa. Ikileta shida futa vitu za zamani, lakini za kwaya usiguse kabla hujauliza mwalimu wao. Sawa?" Nikasema sawa.

Asubuhi hiyo hiyo wakaja akina mama wa kikundi kimoja cha Kibera, wamejipanga kwenye benchi na mikoba mapajani, nikabonyeza kurekodi na mashine ikakataa: hakuna nafasi. Nikafuta vya zamani, havikutosha. "Kijana, tunarekodi ama tunarudi?" mmoja akauliza, na mwenzake akamwambia, "Mwache, si unaona anafikiria?" Ningeweza kumpigia Mwalimu Shikuku hapo hapo. Simu nilikuwa nayo, na salio. Lakini nilimwona akilini akinicheka, kwamba huyu na digrii yake anauliza afute nini, kwa hiyo sikupiga, na mkasa wote ulianzia hapo.

Nikafungua folda ya kwaya yetu. Ndani kulikuwa na faili tano: mvua, mvua1, mvua2, mvua3 na mvua4, zote zenye urefu mmoja na ukubwa ule ule mpaka tarakimu ya mwisho. Nikajiambia faili mbili tofauti haziwezi kulingana hivyo. (Zinaweza. Rekodi zenye urefu mmoja, kama hazijabanwa, hutoka na ukubwa mmoja, hata moja ikiwa ya malaika na nyingine ya trekta. Nilifundishwa hivyo chuoni na nikafaulu mtihani wake.) Tena sikuamini macho tu, nikasikiliza. Nikafungua ya kwanza, mvua ya rekodi ikanyesha na kinanda kikaingia. Ya pili, mvua na kinanda. Zote tano, mvua na kinanda, na kila moja niliizima kabla mtu hajafungua mdomo, kwa sababu niliona ushahidi unatosha. Sasa nibakize ipi? Nikafikiri kisomi: mtu akirekebisha kazi huihifadhi upya na namba inayofuata, kwa hiyo namba kubwa ndiyo iliyorekebishwa zaidi. Nikabakiza mvua4, nyingine nikazifuta moja kwa moja zisipitie hata kwenye pipa la taka, nafasi ikapatikana, akina mama wakaimba, nami nikajisikia kama daktari aliyetoka kupasua mgonjwa.

Ambacho sikukijua ni kwamba namba zile zilikuwa za sauti nne za kwaya: soprano, alto, tena na besi. Wimbo kamili, wenye mama ndani yake, ulikuwa ule usio na namba, na Odhis alikuwa ameufungia, hakuwa amempa mtu yeyote nakala, hata mwalimu, kwa kuogopa usambazwe kabla ya uzinduzi. Hizo nyingine zilikuwa za mazoezi: kila sauti ilipewa nakala yake, mwanzo ule ule, kisha Mwalimu Shikuku mwenyewe akiimba sauti hiyo peke yake na kutoa maagizo, ili watu wajifunze wakiwa kazini. Mama alikuwa na yake kwenye simu. Niliisikia kila asubuhi nikivaa viatu, na mimi, mtu wa maswali, sikuwahi kuuliza kwa nini wimbo wa kwaya nzima una mtu mmoja tu. Ya nne ilikuwa ya besi.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama nje. Wauza mboga wenzake mama walikuja na leso mpya. Nikachomeka flashi niliyokuwa nimeitilia mvua4, nikakaa kwenye mitambo ya sauti, maana kanisani kazi hiyo ni yangu, na mvua ilipoanza kwenye spika watu kadhaa walitazama mabati juu, halafu kinanda kikaingia, kwaya ikaingia kutoka mlangoni ikicheza na sare zake za zambarau, vigelegele vikapigwa, na nitasema ukweli, nilijivuna kidogo.

Kisha wote wakafungua midomo, na ikatoka sauti ya mwanamume mmoja, nene.

Nilishuku spika. Nilishuku waya. Nikatikisa waya, nikageuza vitufe, nikaona labda sauti nyembamba zimefifia kwa kuwa watu ni wengi, nikaongeza sauti. Kwaya iliendelea kucheza kama ilivyofundishwa, soprano wamepanua midomo wakitoa besi, na watoto wa mstari wa mbele wakaanza kuzibana pua wasicheke. Hapo ndipo spika ikasema, kwa sauti ya Mwalimu Shikuku, "Besi, amkeni! Mnaingia kama watu wameshiba ugali!"

Baba Brayo, ambaye ni besi, akanyoosha mgongo kwa mazoea.

"Na wewe Baba Brayo usinitangulie, hii si mashindano."

Kanisa likaanza kucheka. Mwalimu mwenyewe, yule wa nyama na damu, alinipungia mkono kutoka kule mbele, kiganja juu chini, juu chini, nami nikaelewa anataka niongeze. Nikaongeza.

Wakati huo mama alikuwa ameshatoka mstari wa nyuma, amefika mbele na maiki iliyozimwa, na ubeti wa pili ukaanza. Kinanda peke yake. Mama akafungua mdomo kama alivyoambiwa, na Mwalimu akasikika mpaka barabarani:

"Hapa nyamazeni. Hapa ni Mama Mutua peke yake. Akipotea, mtu asigeuke kumwangalia. Tazameni mbele kama hakuna kitu."

Nilivuta waya. Kwa haraka yangu nilivuta ule wa ekstensheni, ukaenda na kila kitu, spika, kinanda, maiki, taa. Kicheko kiliendelea kidogo gizagiza, kikaisha chenyewe. Mchungaji alikuwa amejifunika uso kwa kitambaa cha jasho. Mama alikuwa bado amefungua mdomo. Akaufunga. Akanitazama, si kwa hasira, ilikuwa kama anavyomtazama mteja aliyeminya nyanya zote akaondoka bila kununua.

"Mama Mutua, tuwache tu," Mwalimu akasema chini kwa chini. "Tutapanga siku ingine."

"Siku ingine gani, na watu wamekaa hapa?" mama akasema. "Nipe mwanzo."

Mwalimu akatazama viatu vyake, halafu akamwimbia noti ya kwanza, na mama akaanza, bila maiki, kwa sauti ile ile ya kwenye kona ya mboga. Nilikuwa nimeshika ekstensheni mkononi, sikuirudisha. Akaenda vizuri mpaka akafika pale panapopanda, akapanda, akapotea. Haikuwa muda mrefu, ni kama mtu aliyekosa ngazi moja. Niliwatazama besi. Hakuna aliyegeuka. Baba Brayo alikuwa amekaza shingo, macho mbele, na alto vivyo hivyo, na waimbaji wa tena, mstari mzima unatazama mlango kama hakuna kitu. Mama akavuta pumzi, akaipata sauti, akamaliza ubeti, na kwaya ikaingia nyuma yake, safari hii ikiimba kweli.

Tulirudi nyumbani nikimbebea mfuko wa sare. Mlangoni akauliza, "Ile ya kwa Odhis, pale nilipata. Iko?"

"Haiko."

"Haiko kabisa?"

"Haiko, Mama."

Akaingia, akatoa sukuma kwenye beseni, akaanza kuchambua. "Na wewe ndiye wa maswali," akasema.

Odhis aliporudi alijaribu kuvirudisha vilivyofutwa, lakini akina mama wa Kibera walikuwa wamesharekodiwa kwenye nafasi hiyo hiyo. Hakunifukuza, aliniambia tu, "Nilikwambia uulize." Kwaya ikarudi kurekodi upya. Mama alijaribu ubeti wake mara nyingi na pale panapopanda hakupapata tena, mwisho akavua vifaa vya masikioni akamwambia Odhis aache hivyo hivyo. Ndivyo ulivyotoka. Ukiusikiliza utapasikia.

Niliapa sitafuta tena kitu ambacho sijakisikiliza mpaka mwisho na mwenye nacho sijamuuliza, na kiapo hicho nimekishika, ingawa kuna watu hawaniamini. Juzi simu ya mama iliandika kwamba imejaa. Nikanyoosha mkono kwa mazoea, nimsaidie. Akaitazama simu, akanitazama mimi, akaitia kifuani.

"Wacha ijae," akasema.