Nukta Nyekundu kwa Mbogo Mweusi

Mbogo ni mweusi, na msalaba wa kulengea ndani ya darubini ya zamani ya bunduki yetu ulikuwa mweusi vilevile. Mchana hilo halikuwa tatizo. Jua likianza kushuka nyuma ya milima ya Rwenzori, na mnyama akiwa amesimama kwenye kivuli cha vichaka, ulikuwa unatazama weusi juu ya weusi, huku kidole kiko kwenye kifyatulio.

Hivyo ndivyo ilivyotokea jioni ile kijijini Kahendero, kando ya ziwa. Dume mzee, aliyefukuzwa na kundi lake, alikuwa amehamia vichakani nyuma ya kijiji, na alikuwa amemuua mama mmoja muuza samaki aliyekuwa akitoka ziwani na beseni kichwani. Mimi na mkubwa wangu wa kazi tulitumwa kummaliza mbogo huyo. Mkubwa wangu alikuwa mwanajeshi zamani, kabla ya kuwa askari wa wanyamapori, na mimi, mwanamke pekee katika kikosi chetu, nilikuwa nimejifunza kazi kwa kumfuata nyuma. Nilimwita afande. Yeye aliniita mutoto yangu.

Mbogo alitoka mbele yetu, karibu kuliko tulivyotaka. Afande aliinua ile bunduki kubwa, ambayo risasi yake moja ni nene kama kidole gumba changu. Nilimwona akilenga, akasogeza kichwa kidogo, akalenga tena. Kisha akaishusha. Mbogo alitutazama, akageuka, akaingia vichakani taratibu.

Wanakijiji walikuwa wamesimama nyuma yetu. Mtu mmoja tu, mume wa marehemu, alitusogelea akauliza, "Mbona hukupiga?"

"Sikuona msalaba," afande alisema. "Ningepiga tumbo. Mbogo mwenye jeraha angeingia humu kwenye nyumba zenu."

Yule mume akasema, "Lakini ulimwona."

"Nilimwona yeye. Sikuona mahali pa kupiga."

Tuliporudi kituoni Kasese, afande alifuta bunduki kwa muda mrefu, hata palipokwisha kung'aa.

Stoo yetu ilikuwa na darubini tatu za bunduki zenye taa ndani, msaada kutoka kwa kampuni moja ya wawindaji iliyofunga kazi zake. Hakuna aliyewahi kuzitumia, na mkuu wa kituo hakujua ipi inafaa bunduki nzito kama ile. Alitwambia tuzipeleke Bwera, kwa mzee mmoja aliyeongoza wawindaji wa wanyama wakali kwa miaka mingi na sasa anauza kahawa karibu na mpaka. Bunduki tuliiacha kituoni.

Mzee yule alitupokea uani, kati ya mikeka ya kahawa iliyoanikwa. Juu ya nyusi yake ya kulia palikuwa na kovu lililopinda kama mwezi mchanga.

"Mukae kwanza," alisema. "Hatuwezi kuchagua sasa. Jua iko kali. Mchana darubini yote iko muzuri."

Tukakaa. Tukanywa chai. Afande alimweleza yaliyotokea, na nilisikia sauti yake ikilegea alipofika pale bunduki iliposhuka. Mwishowe aliuliza jambo ambalo hakuniuliza mimi njia nzima.

"Ni macho yangu imezeeka?"

"Imezeeka, ndiyo. Yangu pia," mzee akajibu. "Lakini macho ya mutu gani inaweza kutenganisha nyeusi na nyeusi? Ulifanya vizuri kushusha. Mimi nilikuwa na rafiki, yeye hakushusha."

Akatumiminia chai tena.

Jua lilipozama alitupeleka nyuma ya nyumba, chini ya migomba, ambako ng'ombe wake mweusi alikuwa amefungwa. Afande alishika darubini ya kwanza, ndefu na nzito, akaiweka mbele ya jicho.

"Unaona nini?"

"Manyoya."

"Bega iko wapi?"

Afande alizungusha darubini huku na huku. "Sijui. Manyoya tupu."

"Hiyo inavuta karibu sana. Ni ya kupiga swala iko mbali. Mbogo akikukimbilia, utaona manyoya, kisha utaona Mungu. Weka chini."

Ya pili ilikuwa fupi zaidi. Afande alipowasha taa yake, nukta nyekundu ilitokea, lakini hata tulipoipunguza hadi mwisho ilibaki kubwa na kali, ikamwagika kama mafuta kwenye kioo na kulifunika bega lote la ng'ombe. Isitoshe, ilibidi jicho likae karibu sana na kioo ndipo picha ijae. Mzee alimgusa afande begani, kisha akagusa lile kovu lake.

"Darubini kama hii ilinipiga hapa. Bunduki kubwa inarudi nyuma na nguvu. Kama jicho iko karibu, kioo inakuja kukusalimia."

Ya tatu, ukizungusha namba yake hadi ya chini kabisa, haikukuza chochote. Mzee alimwambia afande aache macho yote mawili wazi. Msalaba wake ulikuwa mnene, na katikati nukta ndogo sana, nyekundu, ambayo ungeweza kuipunguza hadi ikawa kama kaa la moto lililo mbali. Jicho lilikaa upana wa kiganja kutoka kwenye kioo. Mzee aliitoa betri, akamrudishia darubini: nukta ilizimika, lakini msalaba ulikuwa bado upo.

"Bega iko wapi?"

"Pale," afande alisema. Alikaa hivyo kwa muda, darubini jichoni, bila kusogea. "Pale. Naiona."

Alipoishusha, macho yake yalikuwa yamelowa. Nilijifanya naangalia ng'ombe.

Kesho yake asubuhi tuliifunga kwenye bunduki, tukaijaribu kwa shabaha uwanjani hadi risasi zikaenda pale nukta ilipokaa. Jioni tulikuwa Kahendero. Mbogo alitoka vichakani kwenye mwanga ule ule uliotushinda, nami nikasimama ubavuni mwa afande na bunduki yangu tayari. Alipiga mara moja. Mbogo aliruka, akakimbia kidogo, akaanguka kwa magoti. Afande akampiga tena, kama inavyotakiwa. Ukaja ule mlio mrefu wa mbogo anayekufa, ambao hauzoeleki hata ukiusikia mara ngapi.

Yule mume alikuja akasimama kando ya mnyama. Hakumgusa.

"Aliumia?" aliuliza.

"Kidogo," afande alisema.

"Mke wangu aliumia sana."

Afande alivua kofia.

Baada ya muda yule mume alituomba jambo. Tangu siku mkewe alipouawa, watu wa nyumba yake hawakuwa wamepita njia ya ziwani. Walizunguka mbali kwenda kuchota maji. Alitaka apite leo, mbele yao, wamwone. Je, tungemsindikiza?

Tulitembea naye, yeye katikati. Mahali fulani alisimama akatazama majani yaliyolala, pale mkewe alipoangukia, nasi tukasimama. Kisha akaendelea hadi majini, akainama, akanawa uso.