Ukuta Uliolambwa na Mbuzi

Nitawasimulia, ila msinitazame usoni. Aibu hii ni ya zama za Mjerumani, reli ikijengwa hapa Dodoma, na mpaka leo nikiona mbuzi analamba kitu moyo unanishuka.

Tulikuwa tunabeba mawe ya reli kwa amri, mimi na Ndahani, kaka wa mke wangu, mabega yamechubuka, ndipo karani mmoja wa pwani akaja akauliza, "Nani fundi?" Hakusema fundi wa nini, nami sikuuliza. Nikanyoosha mkono (huu huu), nikamtaja na shemeji awe msaidizi wangu. Fundi nilikuwa kweli, lakini wa tembe, wa miti na udongo; mbao ya kizungu sikuwahi hata kuigusa.

Kumbe kazi ni nyumba ya Mzungu wa reli, kuta zake mbao zilizopandana kama magamba ya samaki, na mchwa wetu wamezila kwa ndani wakabakiza rangi tu. Nikabonyeza moja kwa kidole gumba, kikazama chote. Ndahani akashauri tuzibandue, tukague nguzo, tuombe mbao mpya. Nikamwambia anyamaze, tukiomba mbao watajua hatujui kupiga msumari na kesho tutarudi kwenye mawe. Basi nikafanya ninachokijua: nikachanganya udongo na mavi ya ng'ombe, nikakandika matundu, tukapaka chokaa. Tena kwa ujanja wangu nilifuata udongo mweupe wa mbugani, unaokauka ukawa mgumu (ule ule wake zetu wanaouchuja kupata chumvi, na hilo sikulifikiria hata kidogo). Ukuta ukapendeza.

Siku ya tatu Mzungu akaita majumbe wa vijiji, wakaja hadi wa Haneti, mbali kule, kila mmoja na mbuzi wake wa zawadi, na askari akawafunga mbuzi wote kando ya nyumba. Mzungu akiwa anahutubia, mbuzi mmoja akaulamba ukuta, akaja wa pili, mara wote wanalamba kama walioalikwa, chokaa inatoka, udongo unalainika, watu wanacheka, nami nacheka nao (Mungu anisamehe), mpaka beberu mmoja akapiga pembe, mbao zikaporomoka, na nguzo ya kona, ambayo ndani ilikuwa unga mtupu, ikafuata pamoja na upenu wote. Kicheko kikakatika.

Mzungu akasema neno, karani akalitafsiri.

"Nani fundi?"

Jamani, mkono haukunyanyuka. Niliuamuru, ukakataa. Kwa Mzungu sisi wawili tulikuwa mtu mmoja, hakujua nani fundi nani msaidizi. Karani alinijua, lakini akatazama chini. Mke wangu alikuwa anakaribia kujifungua, na nadhani Ndahani alimfikiria dada yake, maana aliniangalia kidogo tu, akajitokeza.

"Mimi."

Wakamlaza palepale mbele ya majumbe, wakampiga kiboko, hamsa ishirini, yaani mara ishirini na tano, nami nimesimama na chokaa kwenye kucha. Nilimbeba mgongoni hadi nyumbani, na dada yake alipomkanda majeraha akimuuliza kosa lake, alijibu kwamba ni mambo ya mbuzi.

Tangu hapo sinyanyui mkono kabla sijajua naitiwa nini, na nikishaunyanyua siushushi. Lakini nimechelewa. Ndahani yu hai, hawezi kuinama vizuri, na tukikutana mbele za watu ananisalimu kwa upole, "Hujambo, fundi." Watu wanadhani ananisifu. Nami naitika.