Kiti Kilichobaki Wazi

Mume wangu ni mpima viwanja, na mpima viwanja akiamua kununua gari hatazami rangi. Siku ya kwanza alikwenda na utepe wake wa chuma, akaona haupindiki vizuri ndani ya gari, akarudi kunidai futi yangu ya kushonea. Mimi ni mshonaji, na futi yangu haiazimwi. Nilimwambia hivyo, akaichukua, na mimi nikaifuata futi yangu. Ndivyo nilivyojikuta kwenye uwanja wa muuza magari, tumbo la miezi sita mbele yangu, nikimtazama mtu mzima akipima nafasi ya magoti ya watu ambao hawakuwepo.

Nyumbani kwetu Kisangani, katika komini ya Tshopo, tulikuwa sita: mimi, yeye, mama yake na watoto wetu watatu. Tulizoea kusafiri kwa mafungu. Pikipiki moja ilimbeba yeye na watoto wawili, nyingine ilinibeba mimi na yule mdogo, na mama mkwe alipandishwa kwenye toleka, baiskeli ya abiria, kwa sababu goti lake halikubali tena kupanda pikipiki. Mvua ikitukuta njiani tulifika harusini kila mtu na tope lake. Kwa hiyo juu ya gari lenyewe sikuwa na ubishi. Watu sita hawaingii kwenye viti vitano bila kukaliana, na gari la viti saba linawatosha na kubakiza kiti kimoja. Mtu mwingine angefurahi kubakiziwa. Mimi kile kiti kimoja kilinitia hofu kabla sijakiona.

Kwetu, katika familia za Waislamu wa zamani wa Kisangani, mimba haihesabiwi. Mtu akikuuliza mko wangapi, unawataja wanaotembea na wanaotambaa, basi. Nguo za mtoto hazinunuliwi mapema, jina halitajwi. Mwaka mzima nawashonea wake za watu vijinguo vya vichanga wao, lakini wangu mwenyewe simkatii hata kitambaa cha nepi kabla sijamsikia akilia. Ukimhesabu kabla hajafika, unamwonyesha. Unamwonyesha kwa nani, hakuna aliyewahi kuniambia. Bibi yangu akifika hapo alikuwa ananyamaza, mama yangu naye hivyo hivyo, na mimi nilijifunza kunyamaza mahali pale pale.

Mume wangu amelelewa hivyo hivyo, ila vipimo vilimwingia kichwani vikayasukuma mengine nje. Kabla ya mimba hii kulikuwa na nyingine. Siku moja alikuja na kitanda kidogo kutoka kwa seremala, akapima ukuta, akakiweka kati ya dirisha na kabati. Nilimwomba akitoe. Akacheka, akasema mbao haina macho. Mtoto yule alizaliwa ametimia, vidole vyote, hata kucha, na hakulia. Kitanda kilitoka kwa mlango wa nyuma. Sijui kilikwenda wapi. Sikumlaumu kwa mdomo na yeye hakukitaja tena. Nikadhani kwamba kwake ile ilikuwa bahati mbaya tu, na kwamba kitanda kilibaki kuwa kitanda.

Sasa turudi pale uwanjani. Muuza magari alikuwa mtu wa mashariki, magari yake yalifika kwa barabara ya Bafwasende, na ingawa yalikuwa yameoshwa, tope jekundu lilikuwa bado limejificha kwenye bawaba za milango. Alikuwa mtu mchangamfu. Alimwacha mume wangu ajikunje kwenye safu ya tatu na futi yangu, kisha akainama dirishani.

“Bon, papa, muko bangapi mu nyumba?”

“Tuko sita,” mume wangu akajibu bila kuinua kichwa. “Na wa saba iko mu njia.”

Alikuwa amesema kwa sauti, mchana, mbele ya mtu tusiyemjua, na yule mtu akalitazama tumbo langu na kukubali kwa kichwa kama aliyeonyeshwa bidhaa. Niliweka mkono juu ya tumbo, nikaona hata mkono ule unaonyesha, nikauondoa. Nilitaka kumvuta mume wangu atoke mle ndani. Lakini ningesema nini? Kumwambia usimhesabu ni kumhesabu mara ya pili.

Nilihitaji kosa la gari, na Mungu akanipa. Usukani ulikuwa upande wa kulia, kama magari mengi yanayotoka mashariki, na mlango wa watoto, ule wa kusukuma, ulikuwa mmoja tu, upande wa kushoto. Huko lilikotengenezwa wanaendesha kushoto, kwa hiyo mtoto anashuka penye majani. Kwetu tunaendesha kulia. Mtoto wetu angeshuka katikati ya barabara, kwenye pikipiki.

“Hii mulango mi hapana taka,” nikamwambia. “Ule mudogo hanashukaka, anarukaka.”

Mume wangu alifungua mlango, akaufunga, akaufungua tena. Akapima kwa macho mahali ambapo miguu ya mwanetu ingetua. Akanirudishia futi yangu na kusema kwamba mama watoto ana haki. Sijawahi kufurahia kosa la kitu kama nilivyolifurahia lile.

Tangu siku ile nikawa fundi wa magari. La pili lilikuwa linanuka samaki wa kukaushwa, na harufu ile, nilisema, haitoki hata ukilichoma gari lenyewe. La tatu lilikuwa chini mno kwa mashimo ya mtaa wetu. La nne lilipigwa stata, nikaweka sikio na kutikisa kichwa, ingawa sikusikia kitu zaidi ya injini. Mume wangu alivumilia. Kila jioni alinichorea viti kwa kijiti mchangani, baba hapa, bibi pale, na kila alipokaribia kuchora kile cha mwisho nilikumbuka chungu jikoni. Mama mkwe alikuwa akipondaponda ndizi za lituma, chakula chetu cha jioni, huku akitutazama wote wawili. Siku moja aliniuliza kama ninaogopa gari au ninaogopa kitu kingine. Nikamwambia naogopa matumizi ya mafuta. Akaendelea kuponda.

Kisha ukaja ule mchana mtoto aliponyamaza tumboni. Tangu asubuhi nilikuwa kwenye cherehani, sikuwa nimemsikiliza, na baada ya chakula nikagundua kwamba hajacheza. Nikanywa maji ya sukari. Nikalala ubavu wa kushoto, nikaweka mikono, nikangoja. Tumbo lilikuwa kimya, zito, kama si langu. Nikamwita mume wangu na sikuhitaji kueleza. Alitoka mbio na kurudi na pikipiki.

Sitaisahau safari ile. Kila shimo lilinipita tumboni. Nilikuwa nimemshika dereva mabega, mume wangu nyuma yangu amenikumbatia kwa mikono yote miwili ili nisirushwe, na dereva akienda polepole nilitaka aharakishe, akiharakisha nilitaka asimame. Nilijua kwamba nikichelewa nitampoteza, na kwamba kule kutikiswa nako kunaweza kumpoteza. Nilimsikia mume wangu akinong'ona kitu mgongoni kwangu, sikukisikia vizuri.

Mkunga aliniwekea kile kikombe chake cha mti tumboni, akatega sikio. Akakihamisha. Akakihamisha tena. Uso wake haukusema kitu, na mimi nilikuwa nimeusoma uso wa namna ile mara moja maishani. Halafu akakiacha mahali pamoja, akaanza kugonga ubao wa kitanda kwa kidole, tik tik tik tik, akifuata mapigo anayoyasikia, mpaka nikaelewa. Nililia kwa sauti. Akanikataza pikipiki tangu saa ile mpaka nijifungue.

Mume wangu alikuwa amekaa kwenye benchi nje. Nilimwambia mapigo yapo. Hakunishika, hakusema alhamdulillahi, aliuliza tu mkunga amesema nini juu ya pikipiki. Nilikasirika sana. Nikajisemea, tazama, mimi naogopa mpaka meno yanagongana na huyu bado anawaza gari lake. Lakini hasira ile, nikiitazama leo, ilinisaidia. Palikuwa na mtu mmoja nyumbani asiyeogopa, na mimi nilikuwa nimejiegemeza kwake bila kujua.

Gari la tano lilikuwa la mfanyabiashara wa mchele aliyekuwa anahamia Kindu. Usukani kushoto, milango ya kusukuma pande zote mbili, viti safi, injini haikwami. Nililizunguka mara kadhaa nikitafuta kosa na sikulipata. Tulikwenda familia nzima, kwa teksi ya kukodi, na mume wangu akataka kila mtu aingie akae mahali pake, gari likiwa limesimama pale pale uani. Yeye akashika usukani, mama mkwe akawekwa mbele kando yake ili anyooshe goti. Mimi na mdogo safu ya kati. Wakubwa wawili wakapanda nyuma wakisukumana. Ubavuni kwangu kikabaki kiti kimoja. Nikaweka mkoba wangu juu yake upesi.

Mwanetu mdogo akauondoa. Akakipigapiga kile kiti kwa kiganja, akauliza ni cha nani.

Wale wakubwa waligeukia dirisha kwa namna iliyonionyesha kwamba wanajua. Mwenye gari alikuwa amesimama mlangoni, mkono juu ya paa, akitabasamu na kulitazama tumbo langu, na akamjibu mtoto kwamba hilo amwulize baba. Nilimtazama mume wangu kwenye kile kioo cha juu. Nilikuwa namngoja aseme. Nilikuwa nimeshaanza kusoma dua kimoyomoyo ili neno lake likitoka likutane na dua.

“Ya dada yangu wa Lubunga,” mume wangu akasema. “Anakuyaka kila Ijumaa.”

Dada yake haji kila Ijumaa. Anavuka mto sikukuu, na siku nyingine akivuka ni kuja kulalamika. Mwenye gari akacheka.

“Na ule wa mu tumbo, papa, utamutia wapi?”

“Tuko sita,” mume wangu akasema. “Nimekuambia, tuko sita.”

Mikono ilikuwa juu ya usukani, na futi yangu, aliyokuwa ameizungusha kwenye vidole, ilikuwa inatetemeka. Mama mkwe hakugeuka. Alisema taratibu kwamba naam, binti yake wa Lubunga ni mtu wa kulaumu, lazima awekewe kiti.

Hapo ndipo nilipoogopa kuliko siku zote. Mpaka dakika ile niliogopa kama mtu anayeogopa radi akiwa na mwenziwe asiyejali radi. Nikajua sasa kwamba kwenye ile pikipiki alikuwa ananong'ona dua, na kwamba kile kitanda hakikuwa kimetoka moyoni mwake hata kidogo. Hapakuwa na mtu wa kuniambia mbao haina macho. Tulikuwa wawili, na wote tulikuwa tunatetemeka ndani ya gari ambalo bado halikuwa letu.

Gari tulilichukua. Alituendesha kurudi nyumbani kwa mwendo ambao toleka zilitupita, na wapanda baiskeli waligeuka kututazama. Watoto waliona aibu, wakajificha chini ya madirisha. Mimi sikumwambia aongeze mwendo.

Ijumaa iliyofuata alikwenda kivukoni, akangoja mitumbwi inayotoka Lubunga, akarudi na dada yake kwenye gari. Sijui alimweleza nini. Yule wifi yangu, ambaye kwa kawaida haachi kitu bila kukitolea kasoro, alikaa kwenye kile kiti akashika mkoba wake magotini na hakusema neno. Ijumaa ya pili akaja tena. Aliacha shamba lake la mihogo siku nzima, akavuka mto, akapelekwa msikitini na kurudishwa kivukoni, ili yale aliyoyasema kaka yake yasiwe uongo na ili kiti kile kisionekane kinangoja mtu. Hatukuzungumza juu yake, si mimi, si yeye. Nilimpikia samaki wa Wagenia, wale wavuvi wa mto wetu, akala, akasema chumvi imezidi.

Uchungu ulinianza Alhamisi, na mtoto akazaliwa Ijumaa kabla ya adhuhuri. Ni msichana. Alichelewa kidogo kulia, na katika ule uchelewaji mimi nilikuwa nimeshaondoka duniani. Kisha akalia, kwa hasira, kama mtu aliyeamshwa.

Jioni walituruhusu. Mkunga alinisindikiza mpaka nje, mtoto amefungwa kwenye kitenge changu cha zamani kwa kuwa hakuwa na chochote chake. Gari lilikuwa mbele ya mlango. Mume wangu alikuwa kwenye usukani na hakuweza kushuka. Wifi yangu alikuwa kwenye kiti chake, mkoba magotini. Alitutazama tukija. Alimsikia mtoto akilia. Akafungua mlango, akashuka, akakifuta kiti kwa ncha ya mtandio wake.

“Bon,” akasema, “mi nimefika.”

Niliingia, nikakaa kwenye kile kiti alichokiacha, mtoto kifuani. Yeye alifunga mlango kwa nje na kuanza kutembea kuelekea mtoni. Ni mwendo mrefu kutoka pale mpaka kivukoni, na jua lilikuwa bado kali, na hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kumwita arudi.